Sentensi Ambayo Mama Hakuisikia

Kyzyl-Dobo, Naryn
9 Machi 1984

Dada Sairakan mpenzi,

Jana kwenye sikukuu ya wanawake mwenyekiti wa shamba la ushirika alitupa sisi wakamuaji kila mmoja kitambaa cha kichwa na ua la karatasi. Mama mkwe akakitazama changu, akasema mbele ya watu, "Huyu mngempa kitanda cha mtoto, labda angeona haya akakitafutia mtoto." Wakacheka. Nami nikacheka, maana hapa usipocheka wanacheka zaidi.

Mwaka wa nne huu, dada. Nimekunywa mafuta ya mkia wa kondoo, nimekunywa majani ambayo hata mbuzi huyapita bila kuyanusa. Mara tatu nimepelekwa kwenye chemchemi ya ziara, ile ya kuombea watoto, nikafunga vitambaa kwenye kile kichaka mpaka kimeelemewa. Mume wangu Joomart hasemi neno. Akirudi na lori la maziwa hunitafuta mimi kwanza, ndipo huuliza chai. Wema wake ndio unaonichosha. Angenigombeza ningepumua.

Nataka kukuuliza jambo ambalo marehemu Mama hakupenda niliulize. Tangu ile operesheni ya ngiri niliyofanyiwa huko Frunze nikiwa na miaka kumi na mitano, na hata kabla yake, sijaona siku zangu. Mama alisema zitakuja zenyewe, kila mwanamke na saa yake. Nina miaka ishirini na minne. Mama mkwe hajui. Kila mwezi nafua vitambaa safi na kuvianika nyuma ya nyumba ili avione.

Wewe unafanya kazi na maprofesa. Nataka kuja Frunze mwezi wa nne, unipeleke kwa daktari mmoja anayejua kazi yake. Usinikatalie.

Mdogo wako akupendaye,
Kumush


Frunze
25 Machi 1984

Mdogo wangu Kumush,

Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kwamba mko salama. Mwezi wa nne sitakuwa na nafasi kabisa, mdogo wangu. Tuna kazi ambayo haiwezi kuachwa hata siku moja, na chumba changu tunakaa wanawake watatu.

Usijichoshe na madaktari. Wa huko Naryn watakusumbua bure, kila mmoja atasema lake. Endelea na vile vidonge vya mifupa ninavyokutumia, usiruke hata siku moja. Nimetia chupa mbili nyingine kwenye kifurushi hiki, pamoja na kitambaa cha buluu cha gauni.

Kuhusu mama mkwe wako, mzee ni mzee. Mjibu kwa heshima. Watu wengi huishi maisha mema bila watoto. Mimi hapa sina mume wala mtoto, na sijafa.

Msalimie shemeji.

Dada yako,
Sairakan


Kyzyl-Dobo
20 Aprili 1984

Dada,

Ahsante kwa kitambaa. Mama mkwe kakipima kwa mkono, akasema kingetosha nguo za watoto wanne. Ana kipaji yule mama.

Sitakubishia kuhusu Frunze. Leo nina shida nyingine, na hii ni ya kazi yako. Kuna mtamba wangu anaitwa Tentek, mtundu asiye na adabu, nilimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Amezaliwa pacha na dume. Sasa ana miaka miwili, mwili umejaa, manyoya yanang'aa, lakini hajawahi kutaka fahali hata mara moja. Sapar, yule bwana mifugo, alimpima kwa mkono, akanawa, akasema, "Huyu hana kitu ndani. Mtamba aliyezaliwa na pacha dume ndivyo alivyo. Andikeni aende machinjioni."

Nikamwambia, "Mbona kwa nje hana kasoro?"

Akasema, "Binti yangu, nje ni ngozi tu."

Wenzangu wakanitazama, kisha wakatazama ndoo zao.

Je, Sapar anasema kweli? Kaka yake alimfanya nini tumboni? Nieleze kwa lugha yetu, si kwa Kirusi cha vitabu. Na kama kuna dawa, nitumie.

Habari nyingine: kuna binti wa mwalimu kutoka kijiji cha juu anakuja kumsaidia mama mkwe kutandaza sufu. Ana miaka kumi na tisa. Sufu yenyewe si nyingi kiasi hicho.

Mdogo wako,
Kumush


Frunze
6 Mei 1984

Kumush mpenzi,

Sapar anasema kweli, ila alivyosema si vizuri. Ngoja nikueleze, kwa sababu hilo ndilo jambo ninalolifanyia kazi kila siku.

Kila mimba ya mnyama anyonyeshaye, awe ndama, panya au mtu, mwanzoni huwa haijaamua. Ndani yake kuna mirija ya aina mbili iliyolala sambamba, myembamba kuliko uzi. Mmoja ungeweza kuwa mji wa mimba. Mwingine ungeweza kuwa njia ya mbegu za kiume. Na kando yake kuna vinundu viwili ambavyo navyo havijaamua. Kwa dume, vinundu hivyo hugeuka korodani, na mara tu zinapopata umbo, kabla ndama hajafikia ukubwa wa panya, huanza kutoa protini fulani. Protini hiyo ina kazi moja: huufikia ule mrija wa mji wa mimba na kuuyeyusha. Baadaye korodani hutoa homoni nyingine, ile inayoufanya mwili uwe wa kiume.

Sasa ng'ombe akibeba pacha, mara nyingi mishipa ya kondo zao hushikana. Damu ya kaka humfikia dada, na ile protini imo ndani. Haijui kwamba huyu si dume. Inafanya kazi yake. Tentek alipoteza mji wa mimba kabla hajawa na macho. Hakuna dawa, mdogo wangu, kwa sababu hakuna ugonjwa.

Mimi kila asubuhi naenda machinjioni na chupa yenye barafu, nachukua korodani za ndama, nazisaga na kuichuja protini hiyo. Kisha naitia kwenye mirija ya vijusi vya panya, midogo kiasi kwamba naishika kwa sindano. Siku ya tatu mrija wa kike huwa umekwisha. Nimeuona ukiisha mara mia na bado sijazoea.

Mwambie mwenyekiti asimchinje. Mtamba kama huyo ana nguvu, anaweza kuvuta mkokoteni wa nyasi. Kosa si lake. Mwambie hivyo.

Dada yako,
Sairakan


Naryn mjini
1 Juni 1984

Dada Sairakan,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Hujawahi kuniandikia barua ndefu hivyo maishani, hata Mama alipofariki. Kuhusu mwili wangu uliandika mistari mitatu na ukanitumia kitambaa. Kuhusu ng'ombe umeandika kurasa mbili, na nilipozisoma nilisikia kama unalia. Nikajiuliza, dada yangu anamlilia nani?

Leo asubuhi nimekuja peke yangu. Daktari ni mama wa Kikirgizi, wa umri wako. Alinipima muda mrefu. Akauliza, "Hili kovu la nini?" Nikasema la ngiri. "Pande zote mbili?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza nameza dawa gani, nikamwonyesha chupa yako. Akaisoma, akaiweka mezani taratibu.

"Nani anakutumia hii?"

"Dada yangu. Ni ya mifupa."

"Dada yako ni daktari?"

"Ni mtaalamu wa viumbe."

Akasogeza kiti chake karibu. Kisha akasema, "Huna mji wa mimba, mpenzi. Hukuwahi kuwa nao. Muulize dada yako. Yeye anajua."

Mimi sikuwa na pacha, dada. Kwa hiyo protini hiyo ilitoka wapi?

Ulikuwepo hospitalini siku ile. Mama hakujua Kirusi, mimi nilijua cha shule tu, na nilikuwa nimelala na dawa. Wewe ndiwe uliyemtafsiria. Niambie.

Kumush


Frunze
10 Juni 1984

Kumush,

Nimeianza barua hii mara nane. Nitaandika moja kwa moja, na ukinilaani utakuwa na haki.

Haikuwa ngiri. Ule uvimbe wa kila upande uliokuwa ukikuuma ulipobeba ndoo ulikuwa korodani. Mbili, ndogo, zilizokaa ndani tangu ulipokuwa tumboni mwa Mama. Ukiwa kijusi ulirithi kile kinachovifanya vile vinundu vigeuke korodani, zikafanyika, zikatoa ile protini niliyokueleza. Mwili wako uliitii, mji wa mimba ukaisha. Kisha zikatoa homoni ya kiume. Hiyo mwili wako haukuipokea. Haukuwa na kile kinachoipokea, hata tone. Kwa hiyo ukaendelea kuwa msichana, ukazaliwa msichana, ukakua msichana. Daktari alisema zikibaki zinaweza kuleta saratani siku moja. Wakaziondoa. Vidonge ninavyokutumia ni vya homoni, vya kuziba pengo lililobaki.

Sasa jambo lenyewe.

Daktari alikuwa mama wa Kirusi mnene, mikono yake myekundu kwa kunawa. Tulikaa korido, Mama katikati. Alisema polepole ili niweze kutafsiri. Alisema, "Huyu mtoto ni msichana, asije mtu akamwambia vingine." Nikatafsiri. Akasema, "Hatapata siku zake wala hatazaa." Nikatafsiri, na Mama akaushika mkono wangu kwa kucha. Daktari akaeleza habari ya korodani. Nilikuwa na miaka ishirini, nilishindwa kulitamka neno lile mbele ya Mama. Nikasema "vinyama vibaya."

Halafu daktari akasema, "Akifika miaka kumi na minane mwambieni yote. Kabla hajaposwa. Ni mwili wake, na yeye ndiye atakayeamua amwambie nani."

Mama akaniuliza, "Kasema nini?"

Nikamwambia, "Kasema iwe siri yetu. Mtoto asijue kamwe."

Kumush, Mama alikufa akiamini ametii amri ya daktari. Kila ulipomuuliza akakwepa, alikuwa anatii maneno yangu mimi. Nilijiambia nitakwambia mwenyewe. Ulipotimiza kumi na minane nilikuja nyumbani kwa ajili hiyo, nikakukuta unafundisha watoto wa jirani kuruka kamba, nikasema mwakani. Kisha Joomart akaleta hereni za posa. Ulitoka nje nazo masikioni, ukauliza, "Zimenipendeza?" Nikasema zimekupendeza.

Niliogopa kwamba ukijua hutacheka tena vile. Nilidhani nakulinda. Sasa najua nilikuwa najilinda mimi, nisiwepo siku ambayo uso wako utabadilika.

Watu wa maabara hudhani napenda panya. Nilichagua kazi hii mwezi mmoja baada ya operesheni yako. Nimejifunza kila kitu isipokuwa kufungua mdomo.

Njoo Frunze, au niruhusu nije.

Sairakan


Talas
28 Juni 1984

Sairakan,

Nimeondoka Kyzyl-Dobo. Niko Talas, shamba la maziwa, anwani iko nyuma ya bahasha. Nimekupa anwani kwa sababu vidonge vinakwisha mwezi huu na nahitaji jina la dawa lililoandikwa vizuri ili daktari wa hapa anipe mwenyewe. Nitumie karatasi hiyo tu.

Joomart asijue niliko. Nilimpa barua yako aisome. Alisoma, akatoka nje bila neno, hakurudi. Nimeelewa. Ukimwambia niliko, au ukinitumia hata mstari mmoja kutoka kwake, nitahama tena na hutajua nimekwenda wapi. Wewe unajua kutunza siri. Tunza na hii.

Kumush


Kyzyl-Dobo
2 Julai 1984

Shemeji Sairakan,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe.

Kumush hayupo, leo siku ya tisa. Alinipa barua yako kwa mkono wake, saa za mchana, nimetoka kushusha madebe. Nikasoma mara mbili kwa kuwa maneno mengine siyajui. Halafu nikatoka nje. Nilikaa nyuma ya ghala la nyasi karibu saa nzima. Niliporudi sanduku lake halipo. Jirani kasema alipanda gari la posta.

Nimekwenda Naryn, nimekwenda kwa shangazi yenu At-Bashy. Nimefikiri yuko kwako. Kama yuko, mwambie nyumba iko pale pale. Mengine nitamwambia mwenyewe, siwezi kuyaweka kwenye karatasi.

Shemeji, Mama yangu ameanza kuleta wazee. Wanasema mwanamke aliyeondoka mwenyewe ameachika. Nimewaambia wangoje. Naweza kuwazuia mpaka nyasi ziishe kuvunwa. Zaidi ya hapo, nikiwa sina hata neno moja la kuwajibu, sijui.

Niandikie upesi.

Joomart


Frunze
14 Julai 1984

Shemeji Joomart,

Kumush hayuko kwangu. Sijui aliko.

Nikipata habari ninayoruhusiwa kukupa, nitakupa siku hiyo hiyo. Kama unaweza kuwazuia wazee zaidi, wazuie. Nakuomba nikipiga magoti.

Sairakan


Talas
3 Novemba 1984

Dada,

Nimeandika hilo neno kwa mazoea, nikataka kulifuta. Liache.

Kwanza, afya. Daktari wa hapa ni kijana, alipoisoma karatasi yako masikio yalimwiva. Lakini alisoma yote, akatafuta kitabu, akanipa dawa, na sasa kila mwezi ananiuliza maswali kwa adabu kama mwanafunzi. Mimi ndiye ninayemfundisha. Ninalisema lile neno lililokushinda, nalisema wazi, korodani, na paa halijaanguka. Nimekamua ng'ombe kumi na wanne leo asubuhi. Mikono yangu ni ile ile.

Pili. Wiki mbili zilizopita Joomart alikuja. Hukumwambia wewe, nilimuuliza. Dereva mwenzake aliniona sokoni Talas, akampelekea habari. Alisafiri siku mbili. Nilikuwa zizini, nikasikia lori, nikaijua ile gia yake ya pili inavyolalamika kabla sijamwona.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema, "Umekonda."

Nikasema, "Umekuja kunipima?"

Akasema hapana. Tukakaa juu ya madebe. Nikamwambia aseme alichokuja kusema. Akaanza kuuliza habari za maziwa. Basi nikamuuliza mimi, nikitaka limwume, "Siku ile ulikaa nje saa nzima ukifanya nini? Ulikuwa unafikiri utawaambiaje watu?"

Akanitazama kama hajanielewa. "Nilikuwa nalia, Kumush. Nilikumbuka vile vitambaa."

"Vitambaa gani?"

"Vile ulivyokuwa unavianika. Nilijua tangu mwaka wa kwanza kwamba ni safi. Nilidhani unamdanganya Mama, sikujua kwa nini, nikasema una sababu yako. Niliposoma barua nikaona miaka minne umefua vitambaa peke yako nami nakutazama. Nikaona haya. Sikutaka unione vile. Nilipomaliza kunawa uso nikarudi ndani kukwambia tumchukue mtoto wa pili wa kaka yangu, wameshatuahidi. Hukuwepo."

Dada, nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu kwa miezi minne.

Nikamwambia, "Basi twende." Nilisema hivyo kweli. Nilisimama, nikafungua aproni.

Hakusimama. Aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena. Akasema, "Waliniozesha mwezi wa nane. Yule binti wa mwalimu. Nilimwandikia dada yako, akasema hajui uliko. Nilidhani umemwambia asiniambie. Nilidhani hunitaki."

"Nilimwambia asikwambie."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Ana mimba?"

Akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kujua kama ningeanguka. Sikuanguka. Nikamwambia, "Basi nenda kwake, Joomart. Hana kosa." Akaniuliza kama anaweza kuja tena. Nikasema asije. Alinisaidia kubeba madebe yaliyobaki mpaka kwenye kipozeo cha maziwa, yote kumi na moja, kisha akaondoka.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili. Nilikuona wewe mnyama kwa kunichagulia nisichopaswa kukijua. Halafu mimi nikafunga mdomo wako kwa amri, nikamchagulia Joomart alichokuwa anawaza nyuma ya ghala, nikakihukumu, nikaondoka. Na wewe, siku ya kwanza maishani mwako uliyofanya hasa nilivyokuomba, umeniangamiza. Nilicheka nilipofikiri hivyo. Ng'ombe waligeuka kunitazama.

Sijakusamehe. Sitaki udhani barua hii ni msamaha. Mama yangu aliniogopa kila nilipomuuliza swali mpaka akafa, na hilo umelifanya wewe, na sijui nitaliweka wapi.

Lakini lori lilipokwisha pinda kilima, nikiwa nimesimama pale na ndoo, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa wewe. Nililia kwa hasira kwa ajili hiyo kuliko nilivyolia kwa ajili ya Joomart.

Kumush